Kuisaka Asteroidi Kutoka Nairobi: Mwongozo Kamili wa Kuiona na Kuifuatilia

Asteroidi ni mwamba mdogo kuliko sayari unaozunguka Jua, na ukiiona kwa darubini ni kitone cha mwanga kama nyota nyingine yoyote. Haina duara kama Mshtarii, haina mkia, haina rangi ya pekee. Kitu kimoja tu kinaiumbua: inahama. Leo iko kati ya nyota hizi mbili, kesho imesogea, keshokutwa imeziacha. Kwa hiyo kazi yote iliyo hapa inalenga jambo moja, nalo ni kuandika mahali kitone kilipo leo kwa usahihi wa kutosha ili kesho useme bila shaka kwamba kimehama. Aliyetazama usiku mmoja tu hajaona asteroidi bado. Ameona kitone.

Ndivyo ya kwanza ilivyopatikana. Tarehe 1 Januari 1801, huko Palermo, Giuseppe Piazzi alikuwa akipima mahali pa nyota ili kutengeneza orodha yake. Alipozirudia usiku uliofuata, moja ilikuwa imehama. Hiyo ndiyo Ceres, yenye upana wa takriban kilomita 940, ambayo tangu 2006 imewekwa katika kundi la sayari kibete. Zikafuata Pallas mwaka 1802, Juno 1804 na Vesta 1807. Zote huzunguka Jua katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii.

Anza na Vesta

Mng'ao wa nyota hupimwa kwa namba, na namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu. Tofauti ya hatua 5 ni tofauti ya mwanga mara 100. Katika anga lenye giza la kweli, jicho tupu hufika 6 hivi. Katikati ya mitaa ya Nairobi ukifika 4 shukuru.

Vesta ikiwa katika wakati wake mzuri huwa kati ya 5 na 6.5, kwa hiyo darubini ya macho mawili inaiona hata kutoka mtaani. Ceres huwa karibu na 7. Pallas hubadilika sana, kuanzia karibu 7 hadi zaidi ya 9, kwa sababu njia yake imerefuka na imeinama. Iris nayo katika mwaka wake mzuri hufika 7 hivi. Usianze na asteroidi yenye mng'ao wa 10 kwa kuwa tu jina lake limekuvutia. Utatazama vitone mia vinavyofanana na utakata tamaa kabla ya kujifunza chochote.

Wakati mzuri ni pale Dunia inapopita kati ya Jua na asteroidi. Hapo asteroidi iko mkabala na Jua, inachomoza jioni, inakuwa juu kabisa usiku wa manane, na iko karibu nasi kuliko kipindi kingine cha mzunguko huo. Kwa Vesta jambo hili hutokea kila baada ya miezi 16 au 17, kwa Ceres kila baada ya miezi 15 hivi. Wiki tatu kabla na wiki tatu baada ya siku hiyo ndizo za kutumia.

Kuna sababu ya pili ya kubana kipindi hicho. Siku za mkabala, asteroidi huonekana ikirudi nyuma kuelekea magharibi kati ya nyota. Haijageuka. Sisi ndio tunaoipita, kama matatu inayolipita lori kwenye barabara ya Thika: kwa abiria wa dirishani, lori huonekana likirudi nyuma ukililinganisha na majengo ya mbali. Mwendo huo kwa Vesta ni kama robo digrii kwa siku, yaani nusu ya upana wa Mwezi. Lakini wiki sita hadi nane kabla na baada ya mkabala, asteroidi husimama karibu kabisa ili kubadili mwelekeo. Ukianza siku hizo utatazama usiku tatu mfululizo kitone kikiwa palepale, na utadhani umekosea.

Msimu, Mwezi na mahali

Kwa Nairobi, miezi ya kuitegemea ni Januari, Februari na mwanzo wa Machi. Masika hufunga anga kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, na vuli huanza Oktoba. Juni hadi Agosti huwadanganya wengi: hakuna mvua, lakini wingu la chini la kijivu hulala juu ya jiji usiku kucha. Kipindi hicho ukiteremka Bonde la Ufa, kwa mfano kwa barabara ya Magadi hadi upande wa Olorgesailie, mara nyingi wingu hubaki nyuma kwenye milima ya Ngong na mbele yako kuna nyota tupu. Nendeni kikundi, na mmjulishe mwenyeji kabla.

Ukiwa mtaani, lililo muhimu si kuwa na giza kila upande bali kutokuwa na taa inayokupiga machoni. Zile taa ndefu za mulika mwizi ndizo adui mkubwa. Tafuta ukuta au tangi la maji la kukukinga nayo. Paa la ghorofa ni zuri, ila mabati na saruji hutoa joto vililolinywa mchana, na hewa hiyo inayopanda hufanya nyota zichezecheze kama kitu kilicho chini ya maji. Subiri hadi saa tatu au saa nne usiku, paa liwe limepoa. Juu ya paa pia, kila mtu anayetembea huitikisa darubini. Waambie walio nawe wasimame.

Mwezi mpevu usishindane nao. Acha siku nne kabla na nne baada ya mwezi kuwa kamili. Jua Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na giza kamili huingia baada ya kama saa moja na robo, kwa hiyo saa mbili usiku unaweza kuanza kazi.

Vifaa

Darubini ya macho mawili ya 10x50 inatosha kwa Vesta na Ceres. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Huonyesha eneo la anga la digrii 6 hivi, na kutoka mtaani hufika nyota za 8 hivi. Tatizo lake ni mikono. Kitone cha 7 hakionekani kama darubini inatikisika, kwa hiyo ifunge kwenye tripodi, au lala chali kwenye mkeka na uegemeze viwiko kifuani. Hapa Nairobi kulala ni bora, kwa sababu tutakayoyasema sasa hivi.

Kwa darubini kubwa, kioo cha milimita 150 chenye urefu wa fokasi wa milimita 1200 kinatosha kwa miaka. Lenzi ya jichoni ya milimita 25 hukupa ukuzaji wa 48 na eneo la digrii moja hivi. Hiyo ndiyo ya kutafutia. Ya milimita 10 hukupa 120, na hiyo ni ya kuhakikishia.

Sasa jambo la hapa kwetu. Nairobi iko nyuzi 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta. Njia ya Jua, ambamo asteroidi nyingi hupita, huvuka karibu na utosi. Ni bahati kubwa, kwa kuwa mwanga hupita katika hewa nyembamba zaidi. Lakini darubini ya kioo inayozungushwa juu-chini na kushoto-kulia hukwama pale utosini: ili kusogea kidogo tu unalazimika kuzungusha kitako chote, na kitone kinakuponyoka. Tazama saa mbili kabla au saa mbili baada ya asteroidi kufika juu kabisa. Hapo iko digrii 60 hivi, hewa bado ni safi na darubini inatii.

Ongeza tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu ya plastiki (tabaka mbili, moja haitoshi), penseli laini, kifutio, na kitambaa kikavu cha kukinga vioo na umande. Kioo kilichopata umande usikifute. Kipepee hewa hadi kikauke, maana kufuta kunakikwaruza.

Kutengeneza ramani

Hapa ndipo watu hushindwa, tena kabla hata ya kutoka nje. Programu ya Stellarium ni ya bure na inafaa. Weka mahali: nyuzi 1°17′ Kusini, 36°49′ Mashariki, urefu mita 1,700, saa UTC+3 (saa ya kimataifa ukiongeza tatu). Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka: sasisha taarifa za njia za asteroidi. Mshtarii huzivuta asteroidi bila kukoma, na taarifa za miaka mingi iliyopita zinaweza kukuonyesha mahali ambapo asteroidi haipo. Ndani ya Stellarium kuna kihariri cha mfumo wa Jua kinachochukua taarifa mpya kutoka Minor Planet Center, kituo cha kimataifa kinachokusanya vipimo vya asteroidi. Baada ya hapo, linganisha na huduma ya mtandaoni ya Horizons ya JPL, maabara ya NASA: andika jina la asteroidi, mahali pako, tarehe na saa, upate viwianishi, yaani namba zinazotaja mahali pake angani. Vikilingana na vya Stellarium kwa chini ya dakika moja ya tao, ramani yako ni salama. (Digrii moja ina dakika 60 za tao, na dakika moja ina sekunde 60 za tao.)

Chapisha ramani mbili. Ya kwanza ni ya eneo pana, digrii 20, yenye nyota hadi 6. Ya pili ni ya karibu, digrii 3, yenye nyota hafifu kuliko asteroidi yako kwa hatua moja na nusu au zaidi. Kwa Vesta ya 6.3, chapisha hadi 8. Na kwenye hii ya pili tunashauri asteroidi yenyewe uifiche. Jicho likijua pa kutazama huona linachotaka kuona. Chora kwanza ulichokiona, ndipo ufunue.

Ramani nyingi huchapishwa kaskazini ikiwa juu. Kwetu anga halikai hivyo. Karibu na ikweta nyota huchomoza wima, kwa hiyo ukitazama mashariki, kaskazini iko kushoto kwako, na ukitazama magharibi, kaskazini iko kulia. Kwa mashariki, izungushe ramani robo mzunguko kuelekea kushoto, ili ukingo wake wa juu uwe kushoto kwako. Kwa magharibi, fanya kinyume. Darubini ya kioo huongeza lake: huipindua picha juu chini na kushoto kulia, kwa hiyo igeuze ramani nusu mzunguko zaidi. Darubini ya lenzi yenye kioo cha kupinda mwanga ni mbaya zaidi, kwani huigeuza picha kama kwenye kioo cha kujitazamia. Kwa hiyo ramani yake lazima uigeuze kwenye programu kabla ya kuchapisha. Kuizungusha karatasi hakusaidii.

Kuhusu saa, chukua tahadhari. Orodha za kimataifa hutumia UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Saa tatu usiku ya hapa ni 21:00 ya Kenya na ni 18:00 UTC. Usiandike 3:00 kwenye daftari ukimaanisha saa tatu usiku. Na kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa, tarehe ya UTC bado ni ya jana: saa sita na nusu usiku kuamkia tarehe 10 ni 21:30 UTC ya tarehe 9. Kosa la siku moja hapa ni robo digrii angani, yaani kitone kingine kabisa.

Usiku wa kwanza

Kaa gizani dakika 20 hadi 30 bila kuangalia simu. Simu iliyopunguzwa mwanga bado ni taa.

Anza na nyota unayoijua kwa macho. Kama asteroidi iko upande wa kundi la Ng'ombe, anza na Kilimia, kile ambacho wazee walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kila mtu anaweza kukipata. Kutoka hapo ruka nyota kwa nyota kwa kufuata ramani pana, na kila mruko usizidi upana wa unachokiona ndani ya darubini. Ngumi yako ukinyoosha mkono ni digrii 10, kidole gumba ni 2 hivi. Usiruke hadi uone pembetatu au mstari wa nyota unaolingana na ramani. Ukiona "karibu unalingana", umepotea. Rudi mwanzo.

Ukifika, chukua daftari. Chora duara kwa kuzungusha penseli kwenye mdomo wa glasi. Hilo ndilo eneo la darubini yako. Weka kwanza nyota mbili au tatu zenye mng'ao zaidi, kwa umbali sahihi kati yao, kisha jaza hafifu ukipima kwa macho: hii iko theluthi ya njia kutoka ile hadi ile, hii inafanya pembe mraba na zile mbili. Nukta kubwa kwa nyota angavu, ndogo kwa hafifu. Weka vitone vyote, hata vile unavyodhani havina maana, kwa sababu hujui bado ni kipi kitakachohama. Dakika kumi na tano kwa mchoro mmoja si nyingi. Kitone hafifu kikikataa kuonekana, tazama kidogo pembeni yake, maana ukingo wa jicho una hisia zaidi gizani.

Chini ya duara andika tarehe na saa kwa UTC, mahali, darubini na ukuzaji, hali ya anga, na mshale wa upande nyota zinakoelekea. Mshale huo ni wa maana: ukiacha darubini isimame tuli, nyota huelekea magharibi, na mshale huo utakuambia mielekeo yote hata baada ya mwaka.

Sasa funua ramani iliyofichwa. Kitone kimoja kwenye mchoro wako hakina nyota kwenye ramani. Kiwekee alama ya kuuliza. Usikipe jina leo.

Usiku wa pili

Rudi saa ileile, eneo lilelile, darubini ileile, na uchore upya bila kutazama mchoro wa jana. Weka miwili kando kwa kando. Kitone kilichohama kama robo digrii kuelekea magharibi ndicho. Ukitazama mashariki mapema usiku, magharibi ni kuelekea juu, kwa hiyo kitone kitakuwa kimepanda kati ya nyota.

Kama kimehama kidogo mno, jiulize kuhusu sayari ya Uranus. Nayo hutembea kwenye njia ileile, ina mng'ao wa karibu 5.7, na katika 2025 na 2026 iko si mbali na Kilimia, ambapo wanafunzi wengi huanzia. Lakini mwendo wake hata siku za mkabala ni dakika 2 au 3 tu za tao kwa siku, dhidi ya 15 za Vesta. Kama hakijahama kabisa, ni nyota ambayo ramani yako haikufika. Ongeza kiwango cha nyota kwenye programu na utaiona. Wingu likikuzuia usiku wa pili, mchoro wa usiku wa tatu au wa nne unafaa vilevile, ila mwendo umekua maradufu na zaidi, kwa hiyo tafuta mbali kidogo.

Kadiria pia mng'ao. Chukua nyota mbili zinazojulikana, moja ya 6.2 na nyingine ya 6.8. Kama asteroidi iko katikati yake, andika 6.5. Nyota hizo zisiwe nyekundu, jicho huzikosea.

Kwa kamera

Kamera ya kawaida yenye lenzi ya milimita 135 kwenye tripodi isiyofuata nyota inatosha, na ina faida kubwa: huhitaji kungoja kesho. Kwenye picha ya namna hii kila pikseli ni sekunde 6 za tao hivi, na Vesta siku za mkabala hutembea sekunde 37 za tao kwa saa, yaani pikseli sita. Picha za saa tatu usiku na za saa tano usiku zitaonyesha mruko wa pikseli kumi na mbili. Kwa lenzi ya milimita 50 mruko ni pikseli mbili tu kwa saa, hivyo ngojea usiku wa pili.

Karibu na ikweta ya anga nyota hukimbia kuliko mahali pengine popote, na hapo ndipo asteroidi zilipo. Kwa lenzi ya 135 usizidi sekunde 2 kwa picha, kwa ya 50 usizidi 4. Weka f/2.8, ISO 3200, fokasi ya mkono kwenye nyota angavu ukiikuza kwenye skrini, na upige 60 mfululizo. Kisha zirundike kwa programu ya Siril, ikilinganisha nyota. Rundo la kwanza na la pili liweke moja juu ya jingine na ubadilishe haraka haraka: nyota zinatulia, asteroidi inaruka.

Vitu viwili hudanganya hapa. Pikseli mbovu ya kamera hubaki mahali pamoja kwenye kila picha huku nyota zikisogea. Na setilaiti za mawasiliano zinazozunguka juu ya ikweta, ambazo kwa Nairobi mstari wake hupita karibu na utosi, hufanya hivyohivyo, kwa kuwa zimetulia juu ya ardhi. Baada ya kurundika, vyote viwili huacha mstari wa nukta, na asteroidi haiachi mstari wa namna hiyo.

Ukitaka viwianishi, pakia rundo lako kwenye Astrometry.net, ambayo hutambua nyota zenyewe na kukupa mahali pa kila pikseli. Soma mahali pa kitone, linganisha na Horizons kwa saa ya katikati ya rundo. Kwa lenzi ya 135 tofauti ya sekunde 3 za tao ni kazi nzuri. Minor Planet Center huhitaji vipimo vya karibu sekunde moja au bora zaidi, na hapo utahitaji darubini ya milimita 150 au 200, kamera ya anga na kitako kinachofuata nyota. Kabla ya kununua kitako cha ikweta, uliza kama kinashuka hadi digrii 1. Vingi vimetengenezwa kwa nchi za kaskazini na havifiki. Tena Nyota ya Kaskazini hapa iko chini kidogo ya upeo, haionekani, kwa hiyo kitako itakubidi ukilinganishe kwa kutazama nyota zinavyoteleza, dakika ishirini au zaidi kila usiku.

Asiye na vifaa hivyo anaweza kuwinda asteroidi mpya kwa kompyuta, kupitia kampeni za International Asteroid Search Collaboration, ambazo huwapa vikundi na shule picha za darubini za Pan-STARRS zilizoko Hawaii. Huko utakutana na picha nne za eneo moja zilizopigwa kwa kupishana dakika kadhaa, na utazibadilisha haraka haraka ukitafuta kitone kinachoruka kwa mstari ulionyooka na kwa hatua zilizo sawa. Kikiruka bila mpangilio ni kelele ya kamera, kiache.